Sheria ya David Haianzi Kazi Mpaka Uripoti

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi wanaozungumza Kiswahili, Houston, Texas, kabla ya shule kufunguliwa)

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu wote habari za jioni. Naona wengine mmetoka kazini moja kwa moja, sare bado mwilini, kwa hiyo sitazunguka. Nimeombwa nieleze sheria ya Texas inayohusu uonevu wa wanafunzi, wa ana kwa ana na wa kwenye simu. Mimi si wakili. Ni mkalimani. Kazi yangu ni kukaa kati ya mzazi na mkuu wa shule na kusema kila upande ulichosema, bila kuongeza wala kupunguza. Ukikalia kiti kile kwa muda utajua sheria ipi inafanya kazi na ipi imelala kwenye karatasi, na utajua pia nani anaiacha ilale. Mara nyingi, samahanini, ni sisi.

Kwanza tuondoe jambo moja linalochanganya. Marekani haina sheria moja ya taifa zima inayopiga marufuku uonevu shuleni. Elimu ni mambo ya majimbo. Georgia ilitangulia mwaka 1999, mwaka uleule wa mauaji ya shule ya Columbine kule Colorado, na Montana ikawa ya mwisho mwaka 2015. Tangu hapo majimbo yote 50 yana sheria, ila hazifanani hata kidogo. Kule New Jersey kila shule lazima iwe na mtu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, na uchunguzi unatakiwa uanze ndani ya siku moja ya shule na kwisha ndani ya siku 10. Kwetu haiko hivyo. Kwa hiyo shemeji aliyeko Ohio akikupigia kukwambia "sisi huku tulifanya hivi na vile", msikilize kwa heshima, halafu uliza ya Texas.

Ya Texas inaitwa Sheria ya David. David Molak alikuwa kijana wa miaka 16 wa San Antonio. Vijana wenzake walimwandama kwa ujumbe wa simu na mitandaoni, wakimdhihaki sura yake na kumtishia, na Januari 2016 alijiua. Wazazi wake hawakuishia kwenye kuomboleza. Walishirikiana na Seneta José Menéndez, wa San Antonio pia, wakaufuata muswada mpaka bunge la jimbo kule Austin. Ulipita mwaka 2017 na ukaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Ndani ya Kanuni za Elimu za Texas utakuta kifungu chake kikuu kwa namba 37.0832. Iandikeni namba hiyo. Mkuu wa shule akiisikia kinywani mwa mzazi mwenye lafudhi yetu, hukaa vizuri kwenye kiti chake. Nimeona kwa macho yangu.

Sasa inasema nini? Inasema uonevu ni tendo moja zito, au mfululizo wa matendo, ya mwanafunzi mmoja au zaidi dhidi ya mwenzao, kwa kutumia nguvu ambazo yule anayeonewa hana. Nguvu hizo si za misuli tu. Watano dhidi ya mmoja ni nguvu. Anayejua Kiingereza dhidi ya asiyekijua, hiyo nayo ni nguvu. Tendo lenyewe linaweza kuwa maneno, maandishi, kitu cha kwenye simu, au kipigo. Na lazima liwe na madhara: limdhuru mtoto mwili, au liharibu mali yake, au limtie hofu ya kweli, au liwe zito ama la kujirudia kiasi cha kumfanya aione shule kama mahali pa vitisho, au livuruge masomo, au limnyime haki zake pale shuleni. Hayahitajiki yote pamoja. Moja linatosha.

Angalieni maneno "tendo moja zito". Wazazi wengi wanaambiwa, "Imetokea mara moja tu, huo si uonevu." Jibu lako liko kwenye kifungu. Mtoto aliyevuliwa hijabu mbele ya bwalo zima, huku wenzake wanarekodi, hahitaji kusubiri avuliwe mara ya pili.

Sheria inafika wapi? Inafika darasani, uwanjani, kwenye safari na mechi za shule, na ndani ya basi, liwe la wilaya ya shule au la kampuni binafsi. Kuhusu simu, ndipo Sheria ya David ilipobadilisha mambo. Uonevu wa mtandaoni uliofanyika nje ya shule, usiku, kila mtoto akiwa kitandani kwake, bado unaihusu shule ikiwa unamharibia mtoto masomo yake au unavuruga kwa kiasi kikubwa utaratibu wa darasa au shughuli ya shule. Mkuu wa shule akikwambia, "Hayo ya Jumamosi hayanihusu," muulize: je, Jumatatu mwanangu alikuja shule? Kama hakuja, au alikuja akakaa chooni kwa muda wa saa mbili, basi yanakuhusu.

Kuna wakati shule zitakutajia Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 2021, katika kesi iliyotoka Pennsylvania, mahakama hiyo ilisema shule ilivuka mpaka ilipomwadhibu msichana aliyeitukana timu yake kwenye Snapchat siku ambayo si ya shule. Ni kweli. Lakini mahakama hiyohiyo ilisema uonevu mzito unaomlenga mtu fulani ni miongoni mwa mambo ambayo shule inaweza kuyashughulikia hata yakifanyika nje ya geti. Kuitukana timu ni jambo moja, na kumwandama mtoto wa mtu ni jambo jingine.

Sasa nifike kwenye kilichonileta. Sheria inasema mzazi wa mtoto anayedaiwa kuonewa lazima apewe taarifa ndani ya siku tatu za kazi. Siku tatu tangu lini? Tangu tukio liliporipotiwa. Rudieni hapo: liliporipotiwa. Haikusema tangu lilipotokea, wala tangu mtoto alipoanza kulia usiku, wala tangu wewe ulipomwona mwalimu kwenye maegesho ukamwambia, "Mwalimu, huyu mtoto ana shida kidogo, mtusaidie." Bila ripoti siku hazihesabiki. Na wilaya nyingi za shule hapa, kwenye sera yao wenyewe, zimejiwekea siku 10 za kazi kumaliza uchunguzi. Hizo nazo huhesabiwa kuanzia siku ya ripoti. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Texas kimya kingi ni faili tupu.

Kwa nini hatuandiki? Nimesikia sababu zenu, na baadhi ni zangu pia.

Ya kwanza ni heshima. Tumelelewa kwamba mwalimu ni mzazi wa pili, na kumpelekea mzazi barua yenye tarehe na saa ni kama kumshtaki. Nawaelewa kabisa. Lakini hapa barua haimvunjii mwalimu heshima. Walimu wenyewe wanaandikiana barua wakiwa vyumba jirani. Mwalimu mwema hata inamsaidia, maana sasa ana karatasi ya kumwonyesha mkubwa wake.

Ya pili ni lugha, na hapa nikae kidogo. Niliwahi kuitwa kwenye kikao kilichokuwa kimeshaanza, shule gani haijalishi. Nilipoingia, aliyekuwa anatafsiri ni mtoto mwenyewe, wa miaka 12, na yeye ndiye aliyekuwa akituhumiwa kuonea wenzake. Mkuu wa shule anasema, "Wanafunzi kadhaa wamemtaja mwanao." Mtoto anamgeukia mama: "Anasema niko vizuri, ila niongeze bidii kwenye hesabu." Mama anatabasamu, anainuka nusu kumpa mkuu mkono, "Asante sana, Mungu akubariki." Na mkuu, kwa upande wake, anaandika kwamba mzazi ameelezwa tuhuma na hakuonyesha kujali. Mmecheka. Mimi siku ile sikucheka, kwa sababu karatasi ile ingebaki kwenye faili.

Shule inayopokea fedha za serikali kuu inafungwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964: haiwezi kukuacha nje ya mambo ya mwanao kwa sababu ya lugha. Omba mkalimani kwa maandishi, ni bure kwako. Kama lugha yako ya moyoni ni Kinyarwanda, Kibembe au Kirundi, sema hivyo, usikubali Kiswahili kwa kuona haya. Na usimkubali mtoto awe mkalimani, wa kwako au wa jirani, aliyeonewa au aliyeonea.

Ya tatu ni hofu ya karatasi. Mnaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikilalamika hawataangalia mambo yangu ya uhamiaji?" Fomu ya uonevu inauliza nani, lini, wapi, nini. Na kuhusu haki ya kusoma, kesi kubwa ya nchi hii ilianzia Texas hapahapa, mji wa Tyler. Mwaka 1982 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Wengi wenu mlioletwa kama wakimbizi mna karatasi kamili, lakini najua kambi inamfundisha mtu kuogopa kila ofisi yenye meza. Kwa hili, msiogope.

Ya nne ni ushauri wa akina baba: "Wakikupiga, rudisha." Sitabishana nao leo, ila niwaambie sheria inavyosema. Inakataza shule kumwadhibu mtoto aliyeonewa kwa kosa la kujilinda kwa kiasi kinachofaa. Ni kinga nzuri. Lakini kinga hiyo anaipata mtoto ambaye uchunguzi umemwona kuwa ndiye anayeonewa. Kama hukuripoti mwezi wa tisa, wala wa kumi, na mwezi wa kumi na moja mwanao amechoka akarusha ngumi, hakuna uchunguzi wowote nyuma yake. Kuna ugomvi tu kwenye korido, na wote wawili wanasimamishwa shule. Na kwa kuwa wa kwetu ndiye hawezi kujieleza haraka kwa Kiingereza, mara nyingi yeye ndiye anayeandikwa kuwa aliyeanza.

Nimesema ya watoto wanaoonewa. Wanaoonea je? Hatupendi mada hii. Tunajua watoto wetu wanavyoitwa huko shuleni kwa rangi, kwa nywele, kwa majina, na wanaowaita hivyo wakati mwingine ni Weusi wenzao waliozaliwa hapa. Lakini nimetafsiri pia ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa kwa Kiswahili safi, Kiswahili cha nyumbani kwenu, vijana wakimwandama mtoto wa Kinyamulenge kwa matusi ya kikabila ambayo hawakuyabuni wao. Wameyatoa mezani kwetu. Mwalimu alikuwa na ujumbe ule siku kadhaa bila kujua unasema nini, na sisi tuliojua tulikuwa tumenyamaza.

Kwa mtoto anayeonea, Texas si ya mchezo. Bodi ya shule inaweza kumhamisha darasa au shule baada ya kuzungumza na mzazi wake, na mzazi wa aliyeonewa naye ana haki ya kuomba wake ahamishwe akitaka. Mambo matatu yanaweza kumpeleka mtoto kwenye shule ya nidhamu au kumfukuzisha kabisa: kumchochea mwenzake ajiue, kuchochea wengine wamfanyie fujo kwa kikundi, na kusambaza au kutishia kusambaza picha za utupu za mwanafunzi. Mkuu wa shule ana ruhusa ya kupeleka suala polisi. Familia ya aliyeonewa inaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kuzuia, na amri hiyo inaweza kumgusa hata mzazi ambaye hakumdhibiti mwanawe. Mama Fulani hataweza kumwambia jaji, "Mimi hizi simu sizijui."

Wenzetu mliotoka Tanzania mnaikumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na wa Kenya mna ya 2018. Zile zinaanzia kwenye jinai, polisi na mahakama. Hii ya hapa mlango wake wa kwanza ni ofisi ya shule, ndiyo maana barua kwa mkuu wa shule ina uzito ambao huko nyumbani hatukuuzoea.

Kuhusu ushahidi. Tangu mwaka wa masomo wa 2025 sheria nyingine ya Texas imezuia wanafunzi wa shule za umma kutumia simu muda wote wa siku ya shule. Maana yake uonevu wa simu unatokea mkiwa nao nyumbani, na ushahidi uko sebuleni kwenu. Msimwambie mtoto afute. Pigeni picha ya skrini yenye jina, tarehe na saa. Snapchat humjulisha mtumaji ukichukua picha ya skrini, kwa hiyo tumia simu nyingine kuipiga ile. Lakini sikilizeni vizuri: kama picha yenyewe ni ya mtoto akiwa utupu, usiipige, usiihifadhi, usimtumie mtu yeyote, hata mkuu wa shule, hata mchungaji. Kuwa nayo tu ni kosa zito. Piga simu polisi, eleza, wao wataichukua inavyotakiwa. Sheria ya nchi nzima ya Mei 2025 inailazimu mitandao kuondoa picha za namna hiyo ndani ya saa 48 baada ya kuombwa.

Na kama mtoto anazungumza kuhusu kufa, hata kwa utani, mambo ya fomu yaache kwanza. Piga 988, namba ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua, saa yoyote, useme unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Usimwache peke yake chumbani na simu.

Sasa udhaifu wa sheria yenyewe, maana sitaki mtoke hapa mkidhani nimewapa bunduki. Haihusu shule binafsi. Walijaribu kuziingiza, hazikuingia. Shule za umma zinazojiendesha zenyewe, zile za mkataba, zimo. Sheria hii pia haikuweka faini kwa mkuu wa shule aliyepitisha siku tatu bila kukujulisha. Njia uliyonayo ni kupanda ngazi: kutoka shule kwenda ofisi ya wilaya, kisha bodi. Kila ngazi ina muda wake wa kukata rufaa na muda huo ni mfupi, kwa hiyo siku unapopewa jibu uliza palepale una siku ngapi. Uonevu ukiwa wa rangi, asili, jinsia au ulemavu, kuna pia Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, ambako unapeleka malalamiko ndani ya siku 180. Ila ofisi yake ya Dallas ilikuwa miongoni mwa zilizofungwa mwaka 2025, kwa hiyo peleka, lakini usikae ukiisubiri hiyo peke yake. Kwa maoni yangu waliotunga sheria walipaswa kuweka adhabu kwa shule inayokaa kimya. Hawakuweka. Tunafanya kazi na tulichonacho.

Barua yenyewe ni fupi. Kwenye tovuti ya wilaya yako ya shule tafuta sera ya uonevu, yenye herufi FFI. Wilaya nyingi za Texas zinatumia herufi hizohizo, na fomu huwa iko hapo karibu. Ipo pia njia ya kuripoti bila jina, sheria imeilazimu kila wilaya kuwa nayo. Ila usipojitaja ni vigumu shule kukurudia na majibu. Kama huna fomu, baruapepe inatosha. Andika jina la mtoto na darasa lake. Andika neno "bullying" kama lilivyo, maana ukiandika "shida" au "matatizo na wenzake" utapelekwa kwa mshauri nasaha akampe peremende. Eleza nini kilitokea, lini, wapi, nani walikuwepo. Taja 37.0832. Omba uchunguzi na omba mkalimani. Weka tarehe. Tuma kwa mkuu wa shule, na nakala ujitumie mwenyewe. Ikiandikwa kwa Kiswahili pia ni ripoti. Shule itafute wa kuisoma.

Nimeleta mfano, uko kwenye meza ile karibu na birika la chai, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza. Chukueni hata kama mtoto wako hana tatizo. Maswali sasa. Mama wa pale nyuma aliinua mkono tangu nilipotaja basi, tuanze na yeye.